Zawadi Zisizoua Hamu: Mwongozo kwa Waandaaji wa Mashindano ya Kutengeneza Gemu

Mwongozo huu ni kwa yeyote anayetaka kuandaa mashindano madogo ya kutengeneza gemu za kompyuta kwa watu wa ridhaa, yaani wanafunzi, watumishi na mafundi wanaoandika programu jioni kwa sababu wanaipenda kazi hiyo na hakuna anayewalipa. Nimeshiriki kuandaa mashindano ya namna hii hapa Dodoma mara kadhaa, na mengi ninayoyaandika nimejifunza kwa kukosea. Kosa kubwa kuliko yote lilikuwa kwenye zawadi, ndiyo maana nimeamua kuzizungumzia kabla ya ukumbi, chakula na intaneti.

Mara ya kwanza tulitangaza shilingi 500,000 kwa mshindi mmoja. Tuliamini fedha hiyo ingewavuta vijana, na kweli iliwavuta, kwani walioandikisha majina walizidi thelathini. Siku ya kuwasilisha hawakufika kumi. Kati ya hao, wawili walileta gemu walizozipakua mtandaoni zikiwa zimekamilika, wakabadilisha rangi na jina. Nilipowapigia simu waliokosekana kuwauliza kilichowasibu, wengi walinijibu jambo lile lile kwa maneno tofauti: walipogundua kwamba fulani, ambaye kila mtu anajua ni mkali wa kuandika programu, naye anashiriki, walihesabu kwamba ile laki tano hawaipati, wakaacha. Gemu zao hazikuwa zimewashinda. Ni sisi tuliokuwa tumewaambia, bila kutamka, kwamba kinachotafutwa pale ni laki tano na kwamba ni ya mtu mmoja. Na yule aliyeshinda hakurudi mwaka uliofuata, kwa kuwa mwaka huo hatukuwa na fedha ya kutangaza.

Hatua ya kwanza: Andikeni sentensi moja ya lengo

Kabla ya kutafuta mdhamini au kuchapisha tangazo, kaeni waandaaji wote mwandike kwenye karatasi sentensi moja inayoeleza mnataka kitu gani kiwe kimetokea mashindano yakiisha. Yetu kwa sasa inasema hivi: tunataka watu ishirini wamalize kila mmoja gemu moja ndogo, na kila gemu ichezwe na watu wasiopungua saba ambao hawakuitengeneza. Sentensi hii haina urembo wowote, lakini kila pendekezo la zawadi linalokuja baadaye linapimwa nayo. Mtu akisema tununue kompyuta mpakato moja kwa mshindi wa kwanza, tunaulizana kama kompyuta hiyo itawafanya watu ishirini wamalize, na jibu huonekana papo hapo.

Neno kumaliza nimeliweka kwa makusudi. Mtu yeyote aliyejifunza kuandika programu peke yake anazo kwenye mashine yake gemu tano au sita zilizoishia njiani: mhusika anatembea, anaruka, risasi zinatoka, basi. Kuanza ni raha, na katikati kuna raha yake pia. Sehemu ya mwisho, ya kutengeneza ukurasa wa kuanzia, kusawazisha sauti na kuhakikisha gemu haizimiki mchezaji akibonyeza vitufe viwili kwa pamoja, inachosha, na ndipo watu wa ridhaa wanapokwama. Mashindano husaidia kwa sababu yana tarehe ya mwisho na yana watu wanaosubiri kuiona kazi yako.

Mashindano makongwe ya ridhaa duniani yamejengwa juu ya jambo hili. Ludum Dare, yaliyoanza mwaka 2002, humpa mshiriki anayefanya kazi peke yake saa 48 za kutengeneza gemu kuanzia mwanzo. Hayatoi fedha wala vitu, na waandaaji wake husema zawadi ni ile gemu uliyoitengeneza. Changamoto ya siku saba inayojulikana kama 7DRL, iliyoanza mwaka 2005, humhesabu kuwa amefaulu kila aliyemaliza gemu yake ndani ya saa 168. Global Game Jam, iliyoanza mwaka 2009, hukusanya watu kwenye kumbi za nchi nyingi bila kuahidi zawadi. Upande wa pili kuna IFComp, shindano la gemu za maandishi lililoanza mwaka 1995, ambalo limetoa zawadi kwa miaka mingi na bado linaendelea vizuri. Kwa hiyo sikushauri ukatae zawadi moja kwa moja. Angalia ni zawadi gani, inatolewa wakati gani, na inawafikia watu wangapi.

Hatua ya pili: Elewa zawadi inavyofanya kazi ndani ya mtu

Mwaka 1973 watafiti watatu wa Marekani, Mark Lepper, David Greene na Richard Nisbett, walichapisha jaribio walilowafanyia watoto wa shule ya awali waliokuwa tayari wanapenda kuchora kwa kalamu za rangi. Kundi la kwanza liliahidiwa cheti chenye nyota ya dhahabu na utepe kabla ya kuchora, kundi la pili lilipewa cheti hicho hicho bila kutarajia baada ya kuchora, na kundi la tatu halikupewa kitu. Baadaye kalamu zilipowekwa tena darasani bila ahadi yoyote, watoto walioahidiwa cheti walizitumia kwa takriban nusu ya muda walioutumia wenzao wa makundi mengine mawili. Ukilitazama kundi la pili utaona kwamba cheti chenyewe hakikuwadhuru, maana walikipata na bado waliendelea kuchora kwa hamu. Kilichopunguza hamu ni kuchora kwa ajili ya cheti.

Mtafiti mwingine, Teresa Amabile, mwaka 1982 alieleza jaribio la wasichana wadogo waliotengeneza picha za kubandika karatasi. Kundi moja liliambiwa kwamba picha bora zitapata zawadi. Kundi jingine liliambiwa zawadi zilezile zitagawiwa kwa bahati nasibu. Wasanii walipozipima kazi hizo bila kujua ni za kundi gani, kazi za walioshindania zawadi zilionekana na ubunifu mdogo zaidi. Na mwaka 1999 Edward Deci, Richard Koestner na Richard Ryan walikusanya majaribio 128 ya aina hii wakayapima kwa pamoja: zawadi ya kitu inayotarajiwa hupunguza hamu katika kazi ambayo mtu aliipenda tangu awali, ilhali maneno ya kutambua kazi iliyofanyika vizuri huiongeza.

Nayasema haya kwa tahadhari, kwa sababu mtoto wa chekechea wa Marekani si kijana wa Nkuhungu, hapa Dodoma, anayehesabu nauli ya daladala. Kwetu fedha ina kazi nyingine kabisa, ambayo ni kuondoa kikwazo kinachomzuia mtu kufanya kile anachokipenda tayari. Fedha inayosema "ukimshinda mwenzako utapata" inafanya kazi tofauti sana na fedha inayosema "hii ni bando, nenda kamalize gemu yako." Ukitenganisha mambo haya mawili kichwani, nusu ya kazi ya kupanga zawadi imekwisha.

Kuna pia kazi ambazo hakuna anayezipenda: kujaribu gemu za wengine kwenye simu za zamani, kutafsiri maelezo, kufunga nyaya ukumbini. Hizo lipia bila wasiwasi, na lipa vizuri. Hakuna hamu ya kuua pale.

Hatua ya tatu: Tumia sehemu kubwa ya bajeti kabla ya matokeo

Tuseme mmepata shilingi 600,000 na mna washiriki 24. Sisi tungezigawa hivi. Shilingi 240,000 ni bando, 10,000 kwa kila mshiriki, ambayo hupewa pale anapoonyesha toleo la kwanza linalocheza, hata kama ni kisanduku tu kinachosogea kwenye skrini. Shilingi 150,000 ni chai na chakula cha mchana siku ya kucheza, na kwa wali, maharage na mchicha hapa mjini inatosha watu wote hao. Shilingi 90,000 ni nauli ya wanaotoka nje ya jiji, kwa mfano Kongwa, Mpwapwa, Kondoa au Manyoni. Zinazobaki, 120,000, ndizo za meza ya zawadi ambayo nitaieleza baadaye kidogo. Hesabu hii maana yake ni kwamba robo tatu na zaidi ya fedha imewafikia watu kabla ya jaji yeyote kusema neno.

Ile bando ya toleo la kwanza itazamwe kwa makini, kwani ndiyo sehemu ya mpango iliyotusaidia kuliko nyingine zote. Haimlipi mtu kwa kuwa bora. Inamfikia wakati anaohitaji kupakua picha, sauti na masomo, na inamlazimisha kuwa na kitu kinachocheza ndani ya siku nne za mwanzo. Aliyevuka hapo mara nyingi hufika mwisho.

Kama kuna washiriki wasio na kompyuta, tafuta maabara ya chuo au shule itakayofunguliwa jioni na Jumamosi. Dodoma imejaliwa vyuo, kikiwamo Chuo Kikuu cha Dodoma kilichoanzishwa mwaka 2007 na chenye ndaki nzima ya mambo ya kompyuta, na mara nyingi mlango hufunguka ukienda na barua iliyoandikwa vizuri, yenye orodha ya majina na jina la mtu atakayewajibika kwa funguo. Kwa programu, injini ya Godot, yaani programu ya kutengenezea gemu, ni ya bure, ni ndogo, na huendeshwa bila kusakinishwa, hivyo unaweza kuiweka kwenye flashi na kuigawa kwa mkono bila mtu kutumia bando yake. Kwa wanaoanza kabisa, Scratch, ambayo mtu hupanga vipande vya amri badala ya kuviandika, inatosha na isidharauliwe na majaji.

Hatua ya nne: Andika kanuni zinazowapa wote nafasi

Muda. Saa 48 za mfululizo huwafaa wanaoweza kukesha. Hapa kwetu saa hizo zinawaacha nje wasichana ambao wazazi hawatawaruhusu kulala nje, mama mwenye mtoto mchanga, na mtumishi wa Mji wa Serikali Mtumba anayetoka kazini saa tisa na nusu alasiri kisha anapanda gari kurudi mjini. Sisi tunatoa siku kumi na nne, kila mtu kwake, na Jumamosi moja ya kukutana. Epuka wiki za mitihani ya vyuo.

Ukubwa. Weka kikomo cha ukubwa wa faili. Shindano la js13kGames, linalofanyika kila mwaka tangu 2012, linataka gemu nzima isizidi kilobaiti 13 ikishabanwa, na kikomo hicho kidogo mno kimezaa kazi za kupendeza ajabu. Huna haja ya kubana kiasi hicho. Megabaiti 20 zinatosha. Faida yake ni mbili: gemu inapakuliwa kwa bando ndogo, na mwenye mashine ya gharama anakosa mahali pa kuonyesha ubavu wake.

Mada. Itangazwe siku ya kwanza, isijulikane kabla. Mada inawasaidia wanaoanza kwa kuwapunguzia uchaguzi, na inawapa tabu wanaotaka kuleta gemu ya zamani. Tuliwahi kutoa mada "kabla maji hayajaisha," na kwa watu wa mkoa huu hakuna aliyehitaji kuelezwa.

Kazi ya mwenyewe. Omba msimbo chanzo, yaani programu kama mshiriki alivyoiandika, uambatane na gemu, kama Ludum Dare wanavyofanya kwa wanaoshindana peke yao, na ruhusu picha na sauti za bure mradi mshiriki ataje alikozipata. Siku ya kucheza muulize kila mmoja swali moja kuhusu sehemu yoyote ya programu yake. Tangu tulipoondoa laki tano, hatujapata hata mmoja aliyeleta gemu ya kuiba, na naamini sababu ni kwamba hakuna cha kuibia.

Umiliki. Gemu ni ya aliyeitengeneza, iwe imepata zawadi au haikupata. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 inazilinda programu za kompyuta, kwa hiyo andika wazi kwamba kushiriki hakumpi mwandaaji wala mdhamini haki yoyote zaidi ya kuionyesha gemu siku ile. Mdhamini akitaka zaidi ya hapo, mshukuru na umwache aende.

Kiingilio. Usitoze. Ukikusanya fedha za washiriki kisha ukampa mmoja wao zote, unaanza kufanana na kitu kingine. Na ukivutiwa na wazo la kugawa zawadi kwa bahati nasibu, tambua kwamba michezo ya kubahatisha nchini inasimamiwa na Bodi ya Michezo ya Kubahatisha chini ya sheria ya mwaka 2003, kwa hiyo kabla ya kuuza tiketi yoyote nenda ukaulize. Jambo hili lina upande wa nyumbani pia. Wazazi wengi wakisikia neno gemu wanafikiria kubeti. Katika barua ya kuwaalika, eleza kwenye aya ya kwanza kwamba kijana wao anakuja kutengeneza programu, kwamba hakuna fedha inayowekwa, na nani mtu mzima atakayekuwepo.

Hatua ya tano: Andaa meza ya zawadi

Utaratibu huu tumeuiga kwa IFComp, ambako kwa miaka mingi watu walichangia vitu mbalimbali na washiriki wakavichagua kwa zamu kufuata matokeo, wa kwanza akianza. Uzuri wake ni kwamba zawadi zinatoka kwa watu wengi, hakuna mdhamini mmoja anayeshika usukani, na mshiriki wa kumi na tano naye ana kitu cha kuchagua.

Ya kwetu ya mwisho ilikuwa meza mbili za shule zilizounganishwa na kufunikwa kitenge. Juu yake kulikuwa na flashi nane, pedi mbili za kuchezea gemu, kibodi iliyotumika lakini nzima, katoni ya zabibu zilizochumwa asubuhi ile, chupa tatu za asali ya Manyoni, madumu mawili ya mafuta ya alizeti kutoka Singida, mfuko wa ubuyu, na zeze dogo lililotolewa na fundi mmoja wa Kigogo ambaye mpwa wake alikuwa mshiriki. Pamoja na hivyo kulikuwa na bahasha. Ndani ya bahasha moja mchoraji aliahidi saa tatu za kumfundisha mtu kuchora wahusika. Ndani ya nyingine, mtumishi mmoja wa wizara aliahidi kukaa na mtu jioni mbili wakipitia programu yake mstari kwa mstari.

Aliyeitwa wa kwanza alisimama pale mezani karibu dakika mbili. Alishika pedi, akairudisha. Akachukua bahasha ya jioni mbili. Wa pili akachukua ya mchoraji. Zile pedi, ambazo ndizo ghali kuliko vyote, ziliondoka kwenye zamu ya tano na ya saba, na zabibu zilikwenda zamu ya nane kwa kijana aliyesema mama yake anazipenda. Tangu siku ile bahasha za muda ndizo ninazozitafuta kwanza ninapokwenda kuomba michango.

Ni waliomaliza tu wanaokuja mezani. Hilo lisemwe tangu mwanzo, na lisilegezwe kwa kumwonea mtu huruma. Weka vitu vya kutosha ili wa mwisho naye asikute meza tupu.

Kuna tuzo moja ambayo tunaitoa nje ya zamu, na haitangazwi mapema. Kila anayewasilisha gemu hujaza karatasi yenye swali: nani alikusaidia? Mwenye jina lililoandikwa mara nyingi zaidi huitwa mbele. Mwaka mmoja alikuwa kijana ambaye gemu yake mwenyewe ilishika karibu mkia, kwa sababu jioni zake alikuwa akizimaliza kwenye hitilafu za wenzake. Ukumbi ulisimama.

Hatua ya sita: Wadhamini

Kanuni ni moja: usitangaze zawadi ambayo haipo kabatini. Kampuni moja ilituahidi simu janja tatu, tukaziweka kwenye tangazo, na hadi leo hazijafika. Tuliokabiliana na nyuso za vijana ni sisi. Omba vitu vidogo kwa watu wengi, pokea kwa maandishi, na ukipata ahadi kubwa inyamazie hadi uishike mkononi. Zawadi isiyotarajiwa, kama nilivyoeleza kwenye hatua ya pili, haina madhara.

Hatua ya saba: Acha washiriki wahukumiane kwa kucheza

Jopo la majaji watatu wanaokaa mbele na kutazama projekta ni njia ya haraka, ila gemu inajulikana kwa kuchezwa, na mtengenezaji anajifunza kwa kumtazama mtu anayeicheza. Kwa hiyo Jumamosi ya kukutana tunapanga mashine ukumbini kama vibanda vya soko, kila moja ikiwa na gemu zake mbili au tatu, na washiriki wanazunguka. Kila mmoja anapewa orodha ya gemu saba alizopangiwa kucheza na karatasi za alama. Anatoa alama 1 hadi 5 kwa mambo matatu, ambayo ni raha ya kucheza, ubunifu na uhusiano na mada, kisha anaandika sentensi mbili: kitu gani kilikupendeza, na wapi ulikwama. Karatasi isiyo na sentensi hizo mbili hairuhusiwi kuhesabiwa.

Orodha za kupangiwa zina sababu. Ukiwaacha watu wachague, gemu za wenye marafiki wengi zitachezwa mara ishirini na ya mgeni kutoka Mpwapwa mara mbili. Gemu yenye alama mbili tu, 5 na 5, ina wastani wa 5, na itaishinda gemu yenye alama 5, 4, 5, 4, 4, 5 na 4, ambayo watu saba wameipenda kweli. Ludum Dare wanalitatua tatizo hili kwa kutaka kila gemu ipate idadi ya chini ya wapimaji ndipo ipangwe kwenye matokeo, na kwa kuzipandisha juu kwenye orodha gemu za watu wanaocheza na kupima kazi za wenzao. Kwenye ukumbi wa watu 24 njia nyepesi ni kupanga orodha mapema kwa mkono, kila gemu mara saba, na kuondoa alama ya juu kabisa na ya chini kabisa kabla ya kutafuta wastani, ili rafiki mmoja au adui mmoja asiamue.

Kanuni moja wanaichukia mwanzoni: mtengenezaji haruhusiwi kueleza. Anasimama nyuma ya mchezaji, mikono nyuma, kimya. Mwaka ule wa mada ya maji, binti mmoja wa kidato cha nne kutoka Chamwino alitengeneza gemu ya mtoto anayepeleka mbuzi kunywa kabla lambo halijakauka. Mama mmoja aliyekuja kumchukua mwanawe aliketi akaicheza. Akapoteza mbuzi wote mara nne, kwa sababu kila jua lilipokuwa kali aliwakimbiza chini ya mbuyu, na mbuyu ule ulikuwa pambo tu, haukufanya kitu. Yule binti alikuwa ameuma mdomo. Mara ya tano mama aligeuka akamwuliza, "Mwanangu, mbona mbuyu wako hauna kivuli?" Binti hakujibu, kwa kuwa kanuni inamzuia, ila alifungua daftari akaandika: mbuyu uwe na kivuli. Wiki mbili baadaye alinitumia toleo jipya. Mbuyu ulikuwa na kivuli, mbuzi walipumzika pale, na lambo nalo liliendelea kupungua wakati wakipumzika, jambo lililoifanya gemu nzima kuwa na uamuzi mgumu ambao haukuwamo mwanzoni. Mashindano yalikuwa yamekwisha na hakukuwa na chochote cha kushindania.

Kama unataka matokeo ya nafasi, yatangaze kwa kifupi, kuanzia juu hadi mwisho, ili zamu za meza zianze. Vyeti wape wote waliomaliza, na kila cheti kitaje jina la gemu. Cheti kinachosema "ameshiriki" hakimwambii mwajiri chochote. Kinachotaja gemu, muda uliotumika na lugha ya programu iliyotumika kinaweza kuambatanishwa kwenye maombi ya kazi.

Hatua ya nane: Siku thelathini baada ya kufunga

Karatasi za sentensi mbili zisiishie kwenye boksi. Zipange kwa kila gemu, zipige picha, na mpe kila mshiriki za kwake zote siku ile ile kabla hajaondoka. Kwa mtu aliyekaa wiki mbili peke yake usiku akiandika programu, karatasi saba za watu waliocheza kazi yake zina uzito mkubwa. Nimewaona wakizisoma wamesimama kituoni Sabasaba wakisubiri gari.

Gemu zote zipakie mahali pamoja kwenye intaneti, kila moja kwa jina la mwenyewe na kwa idhini yake. Tovuti ya itch.io inaruhusu hilo bure, na gemu zilizotolewa kwa mfumo wa wavuti zinachezeka ndani ya kivinjari, pamoja na cha simu. Wiki ya nne watumie ujumbe wote, walioshinda na walioshika mkia, ukiwauliza kama wamebadilisha chochote. Anayejibu ndiyo, mwombe toleo jipya na ulicheze siku hiyo hiyo, kisha umwandikie sentensi zake mbili. Wale ambao hawakumaliza nao watumie ujumbe wao, ukiwaambia tarehe ya mashindano yajayo na kwamba gemu waliyoiacha njiani hawaruhusiwi kuileta, lakini yale waliyojifunza humo wanaruhusiwa.